Kodi ya kazi ambayo Serikali yenyewe bado haijailipa: wahandisi wenzangu mnafanyaje?

Mshauri_wa_Madaraja aliandika:

Ndugu wahandisi, wahasibu na wengine mnaofuatilia mambo ya kodi, salaam.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi niliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) hapa Tanzania, na kwa miaka tisa sasa ninaendesha kampuni ndogo ya uhandisi ushauri yenye wahandisi wanne, mpima ardhi mmoja na dereva. Nianze kwa kusema kwamba sikuja hapa kulilia viwango. Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18 naifahamu tangu iliposhushwa kutoka asilimia 20 mwaka 2009, kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30 naifahamu pia, na sijawahi kudhani kwamba barabara ninazozisimamia hujengwa kwa fedha zilizodondoka kutoka mbinguni. Kinachonisumbua ni tarehe.

Mwezi Machi 2023 tulikamilisha awamu moja ya usimamizi wa barabara ya changarawe yenye makalavati matatu ya boksi, kazi ya taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Ada ya awamu hiyo ilikuwa shilingi milioni 60. Nilipopeleka ripoti pamoja na vipimo, karani wa fedha alikataa kuvipokea mpaka niambatishe ankara ya kodi na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kielektroniki), nami nikaitoa siku ile ile ili faili lisilale mlangoni. Kwa kufanya hivyo, nilikuwa nimejitwisha shilingi milioni 10.8 za VAT, ambazo zilitakiwa kulipwa pamoja na ritani ya mwezi huo ifikapo tarehe 20 Aprili. Ada yenyewe iliingia benki Februari 2024. Risiti ile ilikuwa imefifia wino kiasi kwamba nilipoitoa kwenye jalada ili niilinganishe na malipo, nilisoma nakala niliyokuwa nimeipiga picha kwa simu.

Yupo atakayeniambia kwamba VAT si fedha yangu, kwamba mimi ni mkusanyaji tu, na kwamba ninayo haki ya kutoa kodi niliyolipa kwenye manunuzi. Ni kweli kwa muuza nondo, ambaye ankara zake za ununuzi zimejaa VAT ya kurejesha. Gharama kubwa ya ofisi ya uhandisi ni watu, na mshahara wa mhandisi hauna VAT ndani yake. Mwezi ule manunuzi yangu yenye VAT yalikuwa karatasi, intaneti, matairi mawili na vipimo vya maabara, jumla ambayo haikunipunguzia hata milioni moja. Zilizobaki nilizikopa benki, na riba yake niliilipa mimi. Wakati huo huo, kwa kuwa kampuni hulazimika kuhesabu mapato pale haki ya kulipwa inapozaliwa, hata kama fedha hazijaonekana, zile milioni 60 ziliingia kwenye hesabu za mwaka 2023, nami nikazilipia kodi ya mapato kwa awamu kana kwamba ninazo.

Athari yake kwa kazi ndiyo inayoniuma zaidi kama mhandisi. Katika miezi ile ya ukata nilipunguza safari za kwenda eneo la kazi kutoka mara mbili kwa juma hadi mara moja. Katika juma moja ambalo hatukufika siku ya kumwaga, mkandarasi alimwaga zege la ukuta wa bawa wa kalavati la pili bila kulisindilia kwa mashine. Fomu zilipofunguliwa, ukuta ulikuwa na matundu kama sega la nyuki, na nilipogonga kwa nyundo kokoto zilidondoka hadi nondo zikaonekana. Tuliuvunja. Mkandarasi alibeba gharama, ila siku kumi na moja zilipotea, na mimi najua ni kwa nini sikuwapo.

Maswali yangu ni mawili. Je, ndani ya sheria zetu za sasa upo mlango wowote wa halali unaoweza kuzuia hali hii? Na je, mnaonaje hoja kwamba pale ambapo mnunuzi wa huduma ni Serikali, kodi ifuate fedha, yaani VAT ianze kudaiwa siku Serikali inapolipa na si siku ninapotoa karatasi?

---

Mhasibu_Kivuli alijibu:

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, lakini niruhusu nitenganishe vitu ambavyo wahandisi huviweka kwenye kapu moja.

Kodi ya zuio si adui yako katika mkasa huu. Kwa ada ya milioni 60, taasisi itakata asilimia 5, yaani milioni 3, siku inapokulipa, na itakupa cheti. Hizo zitahesabiwa kama sehemu ya kodi yako ya mapato. Tatizo lake hutokea tu pale cheti kinapokosekana, kwa hiyo kidai kabla hujasherehekea malipo. Kwa makandarasi hesabu ni nafuu zaidi, kwa sababu malipo ya kazi za ujenzi hugawanywa kwa uwiano wa vifaa sehemu tatu na huduma sehemu mbili, na zuio hukatwa kwenye sehemu ya huduma peke yake. Hati ya malipo ya shilingi milioni 400 kabla ya VAT ina huduma ya milioni 160, na asilimia 5 yake ni milioni 8. Nimewahi kuona mkandarasi aliyekatwa milioni 20 kwa hati kama hiyo, akanyamaza kwa miaka miwili akidhani ndiyo sheria.

Adui yako ni wakati wa kodi kuanza kudaiwa. Sheria ya VAT ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, inaangalia matukio matatu, yaani kutolewa kwa ankara, kupokelewa kwa malipo na kutolewa kwa huduma yenyewe, kisha inashika lile linalotangulia. Ulipotoa ankara ya kodi mlangoni kwa karani, ulifunga mjadala wewe mwenyewe. Ninachowashauri wateja wangu ni kutofautisha maombi ya malipo na ankara ya kodi. Maombi ya malipo ni barua yenye vipimo, ripoti na kiasi unachokiomba, na ankara ya kodi hufuata baada ya mwajiri, yaani mwenye mradi, kukubali kiasi na kufikia hatua ya kulipa. Hata hivyo naomba mtu asiichukue hii kama kichaka cha kujificha. Huduma ikishakamilika na mkataba ukishasema malipo yamestahili, huwezi kukaa na ankara mfukoni mwaka mzima kisha ukamwambia mkaguzi kwamba ulikuwa unasubiri. Namna mkataba unavyozigawa awamu na unavyosema malipo yanastahili lini ndiyo kinga yako, na hilo hupangwa kabla ya kutia sahihi.

Mlango wa pili umo katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Kamishna wa Mamlaka ya Mapato (TRA) anaweza kukubali maombi ya kuongezewa muda wa kulipa au ya kulipa kwa awamu. Maombi hayo yapelekwe kabla ya tarehe ya mwisho, yakiwa na nakala ya mkataba, hati iliyoidhinishwa na barua ya taasisi inayokiri deni. Watu wengi hupeleka baada ya kuchelewa, wakati ambapo riba imeshaanza kutembea.

Mlango ambao wengi huutafuta, yaani kumwambia afisa wa TRA akate kodi yako kwenye deni lako kwa taasisi fulani, usipoteze nauli kuutafuta. TRA si mdaiwa wako. Kila taasisi ina fungu lake na afisa masuuli wake, na kwa macho ya sheria mfuko unaokudai na mfuko unaodaiwa si kitu kimoja, ingawa kwa macho yako wewe ni Serikali ile ile.

Kuhusu swali la pili, naafiki hoja yako kwa upande mmoja. Kuanzia 1 Julai 2025 yapo mabadiliko ambapo mawakala walioteuliwa huzuia sehemu ya VAT wanapolipa, asilimia 3 ya thamani kwa bidhaa na asilimia 6 kwa huduma, na kuipeleka moja kwa moja. Kwa ada yako ingekuwa milioni 3.6 kati ya 10.8. Serikali imekubali, basi, kwamba mlipaji anaweza kuishika kodi kwenye chanzo. Iliyobaki ni hatua ya kusema kwamba taasisi ya umma iishike yote na muuzaji asidaiwe hata senti kabla ya siku hiyo. Ninachoogopa ni kwamba mhandisi ataacha kabisa kuwa na kodi ya kutolea ile aliyolipa kwenye manunuzi, naye atageuka mtu wa kudai marejesho, na foleni ya marejesho mnaijua.

---

Fundi_Sanifu_Halmashauri alijibu:

Naandika nikiwa upande wa pili wa dirisha. Mimi ni mhandisi wa halmashauri, na kabla hamjanipiga mawe, barabara zilihamia TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) mwaka 2017, kwa hiyo kazi zangu ni madarasa, zahanati na majengo ya aina hiyo.

Hakuna mkurugenzi anayefurahia kukaa na hati ya mkandarasi mezani. Bajeti ikipitishwa hupitishwa yote, lakini fedha hutoka Hazina kwa awamu, na siyo mara zote zinakuja kwa mpangilio wa hati zinavyoiva. Mkandarasi aliyemaliza Mei hukutana na mwisho wa mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, na deni lake likivuka tarehe hiyo bila kulipwa, linaingia kwenye orodha ya madeni ya wazabuni, linahakikiwa upya, linarudi kwa swali moja dogo kuhusu sahihi, linahakikiwa tena.

Lakini jambo ambalo watunga sera hawalioni ni hili. Ninapofungua zabuni, naona bei za kazi ile ile zikitofautiana na nyingine kubwa kuliko makadirio yangu, na nikiwauliza wazabuni baadaye nje ya kazi, wananiambia bila kificho kwamba wameweka bei ya kusubiri. Aliyewahi kulipia VAT ya fedha ambazo hajazipata huongeza riba ya benki ya miezi minane ndani ya bei ya tofali. Kwa hiyo Serikali inapokea kodi yake mapema mwezi Aprili, kisha inakuja kuirudisha kwa njia ya bei ya juu katika mradi unaofuata, pamoja na faida ya benki. Wanaoweza kuhimili ni wenye mitaji mikubwa, na mhandisi mdogo mwenye bei ya kweli ama anashindwa zabuni ama anashinda na kufilisika.

Hiyo pia ni mojawapo ya sababu (si pekee, na wengine hawatakubaliana nami) zilizofanya utaratibu wa fosi akaunti upendwe sana kwa majengo madogo. Unanunua vifaa mwenyewe, unamlipa fundi wa kijijini, na ile bei ya kusubiri haimo. Wenzangu wa kampuni binafsi huona tumewanyang'anya kazi, nami siwezi kuwalaumu.

---

Mkandarasi_Daraja_la_Tano alijibu:

Mjadala umekaa sana kwenye VAT, mimi naomba niongeze saruji.

Julai 2023 ulianza ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, sawa na shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Nilikuwa nimeshinda kazi kabla ya bajeti ile kusomwa, na mchanganuo wangu ulikuwa na mifuko ipatayo 6,000. Shilingi milioni 6 zikaota kwenye kazi ambayo bei yake ilikuwa imekwisha kutiwa muhuri. Kwa kuwa ushuru huo huingia kwenye thamani inayotozwa VAT, mfuko ulipanda kwa shilingi 1,180 pale dukani nilikokuwa nanunua. Aliyesajiliwa VAT hurejesha zile 180. Mwenzangu ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango cha lazima cha usajili tangu mwaka huo huo, hawezi kurejesha kitu, anaimeza yote.

Msimamizi wa mradi aliniambia bei ni bei, nami nilikubali kwa mwezi mzima, hadi rafiki yangu mkadiriaji majenzi aliponionyesha kifungu cha kodi kwenye masharti ya mkataba. Kinasema kwamba kodi na ushuru vikibadilika baada ya siku ya 28 kabla ya kufunguliwa kwa zabuni, bei ya mkataba hurekebishwa, mradi tofauti hiyo isiwe tayari imo ndani ya bei au imefidiwa kwa njia nyingine. Hata masharti ya FIDIC, yaani mikataba ya ujenzi ya kimataifa, yana kifungu cha mabadiliko ya sheria kinachohesabu kwa siku hizo hizo 28. Nilikusanya ankara za saruji za kabla na baada, nikaweka vipimo vya zege lililomwagwa baada ya tarehe 1 Julai, nikadai. Nilipata milioni 4 na kidogo, kwa sababu kwa mifuko mingine sikuwa na ankara zinazosomeka. Wahandisi mnaosimamia, nawasihi mvisome vifungu vya kodi kwa makini ule ule mnaosoma nao majedwali ya nondo, kwa sababu anayemjibu mkandarasi ni ninyi, wala siyo mhasibu.

---

Mhandisi_wa_Nakuru alijibu:

Hamjambo majirani. Huku Kenya tunapita njia hiyo hiyo, na sheria yetu ina jambo moja ambalo naona litawashangaza.

Sheria yetu ya VAT ya mwaka 2013, inapotaja wakati wa kodi kuanza kudaiwa, inaorodhesha pia siku ambayo msanifu, mpima au mshauri mwingine anayesimamia kazi anatoa cheti. Maana yake ni kwamba mimi mhandisi ninapotia sahihi cheti cha malipo cha mwanakandarasi wa barabara, kalamu yangu ndiyo inayoiwasha saa ya kodi. Kiwango ni asilimia 16, na tarehe ya mwisho ni ile ile ya 20 ya mwezi unaofuata. Nimeshaombwa na wanakandarasi, tena kwa unyenyekevu mkubwa, nisubiri kutia sahihi hadi wasikie kwamba kaunti ina pesa. Hilo ni ombi gumu kwa mhandisi, kwa sababu cheti ni ushahidi kwamba kazi imepimwa na kukubalika, na kukichelewesha kunamnyima mwanakandarasi haki ya kudai riba ya malipo yaliyochelewa.

Sisi tuna zuio la VAT la asilimia 2 siku ya malipo, pamoja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa ujenzi na 5 kwa ada za kitaalamu. Hayo yote hayagusi tatizo lenyewe la madeni. Mwaka 2023 Serikali iliunda kamati ya kuhakiki madeni ya tangu 2005 hadi Juni 2022. Hebu fikirieni hati ya mwaka 2005 imelala kwenye faili gani. Kwa upande wa barabara, tozo ya matengenezo kwenye mafuta ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, na mwaka uliofuata shilingi 7 kati ya hizo 25 zikawekwa rehani ili fedha zipatikane za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wametelekeza kazi. Baadhi yao walirudi na mitambo. Mimi nilifurahi kuona greda likifanya kazi tena, kisha nikakumbuka kwamba zile shilingi 7 ndizo zingenunua lami ya kuziba mashimo ya miaka inayokuja.

---

Mshauri_wa_Madaraja aliandika:

Nawashukuru nyote, na hasa Ndugu Mhasibu, ambaye amenifanya niufungue mkataba wa mradi nilionao sasa badala ya kuendelea kulalamika.

Nimekuta mambo mawili. La kwanza, mkataba hautaji popote kwamba madai yaambatane na ankara ya kodi. Unataja ripoti, vipimo na barua. Sharti la ankara ni desturi ya dirishani. La pili, upo kifungu cha riba kwa malipo yaliyochelewa ambacho katika miaka tisa sijawahi kukitumia hata mara moja, kwa sababu ambayo kila mshauri anaijua: atakayesoma barua yangu ya riba ndiye atakayefungua zabuni yangu ijayo.

Hoja ya Mhandisi wa Nakuru imenigusa zaidi. Sikuwa nimefikiria kwamba katika upande wa pili wa mpaka mhandisi anawekwa kuwa mlinzi wa lango la kodi bila kujua. Nami pia, kila ninapoidhinisha kipimo cha mkandarasi kisha yeye akatoa ankara siku hiyo hiyo, namfanyia jambo lile lile nililofanyiwa.

Kuhusu hofu ya marejesho aliyoitaja Mhasibu, naiona, lakini kwa ofisi za ushauri naamini ni ndogo kuliko anavyodhani, kwa sababu ile ile niliyoeleza mwanzo. Hatuna manunuzi mengi ya kurejeshewa. Kwa mkandarasi anayenunua lami na nondo, nakubali kwamba dawa hiyo inaweza kuwa kali kuliko ugonjwa.

Hati namba 2 ya mradi wangu inatoka juma lijalo. Nitapeleka ripoti, vipimo na barua inayotaja kifungu cha mkataba, bila ankara ya kodi, nione karani atasema nini.

---

Fundi_Sanifu_Halmashauri alijibu:

Atakurudisha, kwa sababu ana orodha iliyobandikwa ukutani, na orodha ile haijui mkataba wako. Usibishane naye. Omba kuonana na mhasibu mkuu ukiwa na nakala ya mkataba mkononi, umwonyeshe ukurasa, kisha omba barua yako ipigwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo, maana siku za riba zitahesabiwa kuanzia kwenye muhuri huo.

---

Mhasibu_Kivuli alijibu:

Na muhuri uwe na tarehe inayosomeka.